Baiskeli za kale: tunaokoa nini?

Mwaka 1997, Mtaliano Giancarlo Brocci aliwakusanya waendesha baiskeli 92 pale Gaiole in Chianti, Toscana, wakaingia kwenye barabara nyeupe za changarawe na baiskeli za zamani. Leo tamasha hilo, L'Eroica, huvuta maelfu ya watu, na masharti yake ni makali. Baiskeli isiwe mpya kuliko za 1987. Wenzo wa gia ukae kwenye bomba la chini la fremu, waya za breki zipite nje ya usukani, na pedali ziwe na mikanda ya kubana kiatu.

Wanaobeza wanaona maigizo ya wenye pesa waliovaa jezi za sufu. Wana hoja, maana mabingwa wa enzi hizo hawakuwa na mapenzi na ukale hata kidogo. Bingwa wa Ubelgiji Eddy Merckx alipokwenda Mexico mwaka 1972 kuvunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja, fundi Ernesto Colnago alimpunguzia uzito wa baiskeli mpaka chini ya kilo 6. Hata mnyororo aliutoboa matundu. Shirikisho la kimataifa, UCI, leo linataka isipungue kilo 6.8. Kwa hiyo chombo hicho kinachoabudiwa kama cha kale kingekataliwa leo kwa kuwa chepesi mno!

UCI yenyewe iliwahi kupatwa na homa hiyo ya ukale. Mwaka 2000 iliamuru rekodi ya saa irudi kwenye baiskeli za aina aliyotumia Merckx. Mwingereza Chris Boardman, aliyekuwa amefikisha kilomita 56.375 mwaka 1996, akaanza upya na kupata 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx. Mwaka 2014 sharti likafutwa. Lilikuwa la kuwaonea wanamichezo, sawa. Lakini bila hilo tungejuaje kwamba karibu kilomita 7 zilitokana zaidi na chombo na mkao kuliko miguu?

Upande wa Brocci una hoja nzito zaidi, nayo haihusu vyuma. Alitaka barabara zile zisimezwe na lami. Kutokana na tamasha lake, mwaka 2007 yakazaliwa mashindano ya Strade Bianche, ambamo waendesha baiskeli wa kulipwa hutimua vumbi lile lile hadi mji wa Siena, wakiwa juu ya baiskeli za kisasa kabisa. Ningekuwa mwamuzi, ningelegeza masharti ya gia na pedali, nikakaza ya barabara.