Betri si kitu cha kugandishwa kwa gundi

Juma lililopita simu ya mamangu ilifura. Kioo chake kilikuwa kimeinuka upande mmoja kiasi cha ukucha kupenya, na yeye mwenyewe alidhani ameikalia. Nilipomwambia kwamba ni betri, alinijibu kwa wepesi wa mtu anayeijua dawa ya ugonjwa: "Basi si ununue nyengine uitie, mwanangu?" Nilikosa la kusema, kwa sababu betri ya simu ile haikutengenezwa ili itolewe.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Mwembe Tayari hapa Mombasa, mtu makini ambaye simlaumu kwa lolote. Aliilaza simu juu ya bamba lenye moto mdogo, maana betri iliyofura haitaki joto kali, akangoja gundi ilegee, kisha akapitisha kadi nyembamba ya plastiki pembezoni mwa kioo, kidogo kidogo, huku akijifuta jasho kwa mkono wa shati lisidondokee ndani. Alikuwa amebakiza pembe moja tu niliposikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, na ufa ukapita kwenye kioo toka juu hadi chini. Betri ilikuwa shilingi 1,500. Kioo kilikuwa shilingi 5,800. Simu nzima tuliinunua shilingi 14,000 miaka mitatu iliyopita.

Mamangu hakuwa amekosea kusema vile, kwani alikuwa akizungumza kutokana na aliyoyazoea. Waliowahi kumiliki mulika mwizi, ile simu ndogo yenye tochi, wanaikumbuka betri ya BL-5C, iliyotumika katika Nokia 1100 ya mwaka 2003 na katika simu nyingine nyingi, na ambayo ilitolewa kwa kusukuma kifuniko kwa kidole gumba. Mwezi wa Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na Matsushita, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Dawa ikawa kumpa mteja betri nyingine, naye akabaki na simu yake. Miaka tisa baadaye, mwaka 2016, betri za Samsung Galaxy Note 7 zilipoanza kushika moto, ziliitwa zirudishwe simu nzima, takriban milioni 2.5 kwa mkupuo wa kwanza, na ilipofika Oktoba toleo lenyewe likafutwa. Ugonjwa ulikuwa wa betri katika visa vyote viwili, lakini katika kile cha pili mgonjwa alizikwa pamoja na kidonda chake.

Betri ya lithiamu huzeeka, na hakuna mtengenezaji asiyelijua hilo. Huchakaa kwa kila mzunguko wa kuchajiwa, na huchakaa upesi zaidi kwa joto, jambo ambalo sisi wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa: simu iko kwenye usukani wa bodaboda mchana kutwa, iko juu ya dashibodi ya matatu, iko kwenye kibanda cha mabati pale Kongowea mwezi wa Februari. Kukifungia kitu kinachochakaa ndani ya kitu ambacho kingedumu, tena kwa gundi, ni sawa na kushonea tairi kwenye gari. Na simu hiyo ndiyo M-Pesa ya mamangu, ndiyo daftari la chama chake, ndimo zilimo sauti za dadake aliyefariki mwaka jana, alizomtumia usiku kwa usiku.

Huambiwa kwamba gundi huzuia maji. Nakubali, na anayevuka feri ya Likoni kila siku akiwa na simu mkononi ana haki ya kulitaka hilo. Lakini Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilihimili maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, na mgongo wake ulifunguliwa kwa ukucha. Basi njia ilikuwapo, ikaachwa.

Huko Ufaransa, kuanzia Januari 2021, simu dukani ziliwekewa alama kati ya sifuri na 10 kuonyesha wepesi wa kuitengeneza. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji wawe na vipuri kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa. Simu zenye betri za kudumu sana wameziachia mwanya, zisilazimike kufunguliwa na mwenyewe nyumbani, na sikuupenda, ila angalau wameanza. Sisi tunauziwa simu za kampuni hizo hizo. Naitaka KEBS, shirika la viwango la Kenya, ambayo hukagua nyaya na soketi tunazonunua, iandikishe alama kama hiyo kwenye kila boksi la simu linaloshushwa bandarini Kilindini, ili mzazi anayejinyima miezi minne ajue kama ananunua simu au anaikodi.

Mamangu alikataa kioo kipya. Alilipa zile 1,500, akairudisha simu nyumbani na ufa wake, na jana usiku nilimkuta barazani ameiinamisha kwenye mwanga wa taa, akilitafuta jina la dadake kati ya vipande viwili vya kioo.