Transfo ya Chuma au Ferite ya Kujizungushia?

Saa moja ya usiku, resho, yaani majiko ya umeme, zinapowashwa nyumba kwa nyumba kule Kadutu hapa Bukavu, multimetri yangu husoma volti 160 kwenye priza ambayo asubuhi ilikuwa na 225. Hapo ndipo ubishi wa atelie yetu huanza upya. Mzee mwenye atelie anashikilia kwamba alimentasio ya kweli, yaani kifaa cha kushusha umeme wa priza na kuunyoosha, ni transfo ya chuma, dayodi nne na kapasita, basi. Kijana anayejifunza kwetu anataka kujibunia alimentasio ya dekupaje, ile nyepesi inayokatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ili achaji betri za redio na za taa. Kila mmoja ana haki yake, ila kila mmoja anafumbia macho jambo moja.

Tuanze na mzee. Transfo yake ya volti 15, umeme ukiwa 220, humpa kama volti 20 baada ya dayodi na kapasita. Ukishuka hadi 160, anabaki na 14 tu, na regileta ya 7812, kipande kinachoshikilia volti 12 zisiyumbe, inataka karibu volti 2 juu ya 12 inazotoa. Mzigo ukiongezeka kidogo, redio inaanza kuunguruma. Atasema, weka transfo ya volti 18. Sawa, lakini mchana umeme ukiwa kamili, regileta hiyo hiyo inabeba volti 12 za ziada. Kwa ampea moja ni wati 12 za joto tupu, unazilipia na kuzipoza kwa kipande cha alumini. Tena transfo ya wati 60 ina uzito wa kilo moja hivi.

Dekupaje hailalamiki kwa mambo hayo. Inageuza umeme wa priza kuwa volti 311 za moja kwa moja, kisha inaukata kwa kasi ya kilohertzi 65 hivi. Umeme wa nje ukipungua, inaiacha swichi yake ipitishe umeme muda mrefu zaidi na volti za mwisho hazitikisiki. Chaja nyingi za simu zimeandikwa 100 hadi 240 kwa sababu hiyo. Kwa Bukavu ya saa moja usiku, hoja ya kijana ni nzito kuliko chuma cha mzee, na mzee mwenyewe analijua hilo, maana simu yake anaichajia kwa nini?

Ila umeme wetu haushuki tu. Kituo cha umeme wa maji cha Ruzizi I, kwenye mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu, hakijaacha kusumbuliwa na chupa za plastiki zinazosukumwa na mvua kutoka mitaani mwetu. Umeme ukikatika halafu ukarudi, unaweza kurudi na kishindo. Ukigusa 280 kwa sekunde chache, ndani ya alimentasio tayari kuna volti 396, na kapasita iliyoandikwa 400 haina pa kupumulia. Huku kwetu naweka ya 450, hata kama ni nene na inagoma kuingia kwenye sanduku. Halafu kuna radi. Uchambuzi wa data za setilaiti uliochapishwa 2016 uliipa Kabare, jirani zetu hawa wa mlimani, nafasi ya pili duniani: miako 205 ya radi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Transfo ya chuma hupokea mshtuko wa nyaya na mara nyingi huamka nao. Mosifeti ya volti 600, ile swichi ya dekupaje, haina ngozi hiyo. Varista, kipande cha kumeza volti za ghafla, ikiwekwa baada ya fyuzi inasaidia, lakini haifanyi muujiza.

Hayo yote kijana anaweza kuyahesabu kwenye daftari. Kinachonitia wasiwasi ni ferite, kile kiini cheusi cha transfo ya dekupaje.

Alikuja na transfo aliyoichomoa kwenye alimentasio ya kompyuta ya zamani, akakusudia kuizungushia waya upya. Nikamwuliza pengo liko wapi. Hakuna pengo. Kompyuta zile za zamani zilipitisha nguvu moja kwa moja kwenye kiini, kwa hiyo nusu mbili za ferite zimegusana kabisa. Mchoro aliouchagua yeye, flaibaki, unaweka nguvu kwanza kisha unaitoa, na ghala lake ni lile pengo dogo la hewa. Bila pengo, ferite inashiba sumaku mara moja, mkondo unapaa, na mosifeti inakufa kabla hujasikia harufu. Alikata karatasi nyembamba, akaziweka kati ya nusu hizo, ikafanya kazi. Hapo nikampa heshima yake.

Lakini kufanya kazi ni jambo moja. Kati ya waya za priza na waya za betri, ndani ya kitu kinachotosha kiganjani, panatakiwa tabaka tatu za utepe wa transfo na milimita 6 za umbali kwenye kingo. Yeye alitumia utepe mweusi wa fundi umeme, ule unaolainika kwa joto. Ikiwa waya mmoja utapenya, anayeshika waya wa betri atakuwa ameshika priza, na alimentasio itaendelea kutoa volti 13.8 safi kabisa kana kwamba hakuna kitu. Viwandani hupima kizuizi hicho kwa volti 3000. Sisi tuna mega, kipimo cha kizuizi, ya kuazima ya volti 1000, ambayo inakamata uzembe mkubwa tu.

Kapasita ndogo ya bluu inayovuka pande hizo mbili ni hadithi ileile. Lazima iwe ya aina ya Y. Nimekuta za kawaida zimewekwa mahali pake, na mtengenezaji alijisifu kwamba zimeandikwa kilovolti moja. Ile ya Y imetengenezwa ili ikifa, isife kwa kuunganisha.

Mimi pia sina usafi wa kujivunia. Mwaka wa kwanza nilipopata osiloskopu, nilibana klipu yake ya ardhi upande wa volti 311, ikawa shoti. Mlio wake mzee bado anaugeza mbele ya wateja.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kijana aendelee, tena nampa ushauri wa kuanza na VIPer22A, saketi yenye mosifeti ya volti 730 ndani na kinga zake mwenyewe, badala ya kujipangia kila kipande. Asidanganywe na wati 20 za kwenye karatasi: hizo ni za umeme usioshuka chini ya 195. Kwa priza yetu ahesabu 12. Ajaribu kwa balbu ya nyuzi iliyounganishwa kwa mfululizo, na kapasita kubwa aimwage kwa rezista kabla ya kugusa.

Anayehitaji ampea nyingi, achukue alimentasio ya kompyuta nzima yenye saketi ya kuongoza TL494, abadilishe rezista za kulinganisha volti, ipande kutoka 12 hadi 13.8. Upande wa hatari unabaki kama kiwanda kilivyoufunga.

Ya kuuza, hapana. Mama mmoja wa Nyawera alitaka moja kwa ajili ya taa za duka lake, na watoto wake hulala kando ya betri. Kijana alinuna tulipomnunulia mama huyo chaja iliyofungwa kiwandani. Ile yake iko mezani kwetu, imezungushwa upya kwa utepe wa njano wa transfo, inachaji betri ya redio ya atelie. Usiku tunaichomoa.