Kuwekewa ni rahisi, kutolewa je?

Mwezi ukiwa mkubwa, Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hupoa. Dagaa hukimbilia mwanga wa taa, na mbalamwezi ikishamulika ziwa zima taa ya mvuvi haina kazi tena, basi mitumbwi hupumzika na wanaume hurudi nyumbani siku kadhaa. Giza likirudi, nao wanaondoka. Siku moja kama hizo nilikaa juu ya magunia na wachuuzi wawili. Mkubwa wao alikunja mkono wa gauni, akabonyeza upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

"Shika hapa, dada. Unavisikia? Viwili."

Nilivisikia chini ya ngozi, vijiti vya kuzuia mimba, vyembamba kama njiti za kiberiti. Mwenzake, mdogo wake kwa umri, anayechomwa sindano ya kuzuia mimba, alicheka. "Mimi siwezi kupandwa vijiti kama shamba la mihogo. Sindano ikiisha imeisha, hakuna wa kumwomba anitolee."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mabango yote ya nyota ya kijani, alama ya uzazi wa mpango, niliyowahi kuyasoma kwenye ukuta wa zahanati.

Ukienda kwa hesabu, mwenye vijiti ameshinda. Takwimu zinazotumika sana, nyingi zikiwa za Marekani, zinasema hivi: wanawake 100 wakitumia vidonge vya majira kwa mwaka mmoja, kama 7 watashika mimba. Kwa sindano ni kama 4, kondomu ya kiume 13, kumwaga nje 20. Kwa vijiti, unahitaji wanawake 1,000 ili umpate mmoja. Kitanzi cha shaba, ambacho wengi wanakiita lupu, kinakaribia hapo, chini ya mmoja kwa 100. Lakini hizo ni hesabu za watu wanaosahau. Anayemeza kidonge kila siku saa ileile bila kukosa, hatari yake haifiki hata mmoja kwa 100.

Na huku kwetu kusahau si uzembe. Mchuuzi anaaga kwamba anakwenda Ukerewe siku mbili, dagaa wanachelewa kukauka kwa sababu ya mvua, siku mbili zinakuwa tisa, na pakiti ya vidonge iko juu ya kabati Igoma. Ndiyo maana vijiti na sindano vimepata wateja kuliko vidonge. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022, wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 31, na vijiti vilikuwa vimeipita sindano.

Kalenda ndiyo kabisa. Wanaofundishwa kuhesabu siku, au kusogeza shanga, wanaambiwa wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 wajizuie kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Njia hii ina heshima yake: haina dawa, haina gharama, na kwa wengi dini haina neno nayo. Inahitaji tu mume anayeweza kuambiwa "bado". Mume anayerudi na mbalamwezi na kuondoka na giza amekuja kwa mwezi wa mbinguni, si kwa mwezi wa mkewe.

Sasa upande wa yule mdogo. Cha kwanza ni damu. Vijiti na sindano huvuruga hedhi: wengine hupata matone wiki nzima nzima, wengine huikosa miezi. Nesi anayesema "ni kawaida, utazoea" hasemi uongo. Ile hofu kwamba damu inajikusanya tumboni haina msingi, kwa sababu dawa huufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, hivyo hakuna kinachosubiri kutoka. Lakini nesi haanikii dagaa mchangani kuanzia alfajiri pasipo na choo cha karibu. Matone ya wiki 3 ni vitambaa, ni maji, ni maswali ya mume, na kwa Mwislamu ni swala na saumu. Madhara madogo kwenye karatasi yanaweza kuwa makubwa kwenye mwalo.

Hata hivyo yule dada wa sindano alikosea jambo moja. Sindano haiishi siku inayoisha. Ukishachomwa, hakuna daktari wa kuivuta irudi. Kama imekukataa, utavumilia miezi yako 3. Na ukitaka mtoto, kwa wastani huchukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wakati aliyetolewa vijiti anaweza kushika mimba mapema tu. Wengi waliosingiziwa ugumba baada ya Depo, yaani sindano hiyo, walikuwa wanasubiri tu.

Lakini hoja yake haikuwa dawa. Hoja ilikuwa kuomba. Jirani yangu alizungushwa mara tatu alipotaka kutolewa kijiti. Mara ya kwanza aliambiwa muda wake haujaisha, kana kwamba ile miaka 3 ya kijiti kimoja ni mkataba. Mara ya pili mtaalamu alikuwa semina. Mara ya tatu aliulizwa kama mume amekubali. Kuwekewa kulichukua dakika chache, siku ya kampeni, muziki unapigwa. Kijiti hakitoki kwa kuvutwa: ngozi huchanwa kidogo kwa ganzi, na mkono uwe umefundishwa. Nani anayeweza kufanya hivyo kisiwani Kome wiki hii? Hilo lingekuwa swali la kwanza kabla ya mkono kukunjwa.

Kwa hiyo naona lupu inaonewa. Haina homoni, hivyo hata mwenye presha anaweza kuitumia, hudumu miaka 10 na zaidi, na kuitoa ni kuvuta nyuzi zake kwa kifaa. Haionekani mkononi. Ubaya wake ni hedhi nzito na maumivu, hasa miezi ya mwanzo, jambo la kufikiriwa vizuri na mwanamke aliyeishiwa damu kwa malaria. Na kuna aibu ya kupanda kitanda cha uchunguzi, ambayo sindano ya bega haina.

Siri nayo ina thamani. Sindano haiachi alama, ni kadi tu, na kadi hufichwa kwa rafiki. Vijiti mume anavipapasa gizani. Kuna nyumba ambako tofauti hiyo inaamua kila kitu.

Ziwani huwezi kuzungumza mimba ukaacha VVU. Kwa miaka mingi ilihofiwa kwamba Depo humrahisishia mwanamke maambukizi. Utafiti wa wanawake 7,829 wa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini, uliotoa matokeo Juni 2019, haukukuta tofauti kubwa kati ya sindano, kijiti na lupu ya shaba. Kilichonishtua ni kingine: 397 kati yao waliambukizwa, na wote walikuwa na njia nzuri ya kuzuia mimba. Kondomu, yenye alama mbaya kwenye hesabu ya juu, ndiyo pekee inayozuia vyote viwili. Na anayetumia ARV aseme anapowekewa kijiti, maana efavirenzi, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya kijiti, ingawa nyingine, dolutegraviri, haina tabia hiyo.

P2, dawa ya kumeza baada ya tendo, ni ya dharura, inywewe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Anayeinunua kila wiki anahitaji njia, si duka la dawa.

Wanaume? Kufunga mirija ya mbegu ni upasuaji mdogo kuliko ule wa kumfunga mwanamke kizazi, na nguvu za kiume hazipungui. Sharti ni kutumia kinga nyingine miezi 3 ya mwanzo. Lakini mtajie Msukuma mkato huo, atakuuliza kama unataka kumfanya maksai. Septemba 2018, Rais Magufuli akiwa Meatu, Simiyu, aliwapinga hadharani wanaotumia uzazi wa mpango, na wengi walimpigia makofi. Si wote walikuwa wajinga. Penye ng'ombe na shamba, mtoto ni mikono, na mzee asiye na watoto hana pensheni. Mchuuzi anayepanga chumba kimoja Mabatini ana hesabu nyingine.

Yule mkubwa alitoa kadi yake kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa pamoja na risiti za ushuru. Miaka 5 ya vile vijiti viwili inaisha mwakani. Mdogo aliitazama, akairudisha.

"Ukienda kuvitoa uniambie," alisema. "Nikusindikize nione wanavyofanya."