Kijana hafiki Boni peke yake

Kila panapotokea shambulio Lamu, mjadala hugawanyika pande mbili zilezile. Wa kwanza husema vijana wanasukumwa kujiunga na Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia wanaojificha hata msitu wa Boni: ardhi haina hati, kazi hakuna, polisi wanakamata ovyo. Wa pili hujibu kwamba maskini na waliodhulumiwa wamejaa Kenya nzima na hawaui watu. Tatizo ni mafundisho. Kila upande una ukweli wake. Ila wote wanairuka hatua moja iliyo katikati, ile ya kijana kuvutwa na mtu anayemwamini na kutengwa na wengine, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua tunayoweza kuizuia.

Dhulma wenyeji huitaja kwanza, na haki wanayo. Mpeketoni, mji wa kaunti ya Lamu, iliposhambuliwa usiku wa tarehe 15 Juni 2014, na vijiji vya jirani siku zilizofuata, waliuawa watu zaidi ya 60. Al-Shabaab walidai ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya kisiasa ya humuhumu nchini. Mzozo huo haukuwasaidia wafiwa, na hatua za usalama zikamwangukia kila mtu: kafyu ya miezi, na kwa miaka kadhaa marufuku ya kuvua usiku. Anayeijua bahari anaelewa uzito wake. Jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, hutegwa jioni, likatolewa alfajiri. Ukimzuia mvuvi usiku umemnyima kazi yenyewe, na barobaro aliyekuwa akipata riziki kwenye mashua ya mjomba wake anabaki kukaa maskani kutwa. Tena wapo waliochukuliwa na watu wenye silaha na hadi leo familia hazijui walipo. Ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ya mwaka 2017, iliyowahoji watu waliojiunga na makundi ya itikadi kali barani Afrika, ilikuta asilimia 71 wakitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowakatisha shauri.

Lakini wanaonyoshea kidole mafundisho nao hawasemi uongo. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wakaua watu 148, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mtoto wa chifu. Huyo hakusukumwa na njaa. Na tusidhani ni jambo la dini moja. Huko bara ya Malindi, katika msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Mhubiri Paul Mackenzie alikana mashtaka, lakini walionusurika wameeleza jinsi watu walivyoambiwa waache shule, waache hospitali, na mwisho waache kula ili wakutane na Yesu. Wengi wao waliuza mali na kuja kutoka mikoa ya mbali. Anayesema maneno ya mhubiri hayana nguvu bila dhiki, Shakahola inamkatalia.

Sasa hiyo hatua ya katikati. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro aliyetafutwa kwa mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya mwaka 1998, aliishi Siyu, kisiwani Pate huku Lamu, kwa jina jingine. Alifundisha madrasa, akawaundia vijana timu ya mpira, akaoa papo hapo. Watu walimpenda. Aliingia kwa undugu, kwa mlango ambao kila mgeni mwema huupitia, na hao waliokuja baada yake hawakubadili njia. Anayemchukua kijana mara nyingi ni mwenziwe wa darasani, shemeji, au ustadh mdogo anayemsikiliza siku ambayo hakuna mwingine anayemsikiliza. Kisha darsa linahama msikitini linaenda chumbani. Mawaidha yanapita kwa simu na memori kadi. Anaambiwa wazee wamenunuliwa, asiwaulize kitu. Wakati mwingine pana ahadi ya kazi nje ya mpaka: ripoti ya UNDP ya 2023 iliikuta kazi kuwa sababu kuu kwa robo ya waliojiunga kwa hiari. Ukishamtenga na kila anayeweza kumjibu, awe na shahada au hana, safari imebaki fupi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotafuta dalili kwenye nguo. Lamu kuna vijana wasiohudhuria maulidi ya msikiti wa Riyadha, wakisema ni bidaa, yaani uzushi katika dini, wakakata kanzu juu ya kifundo. Huo ni ubishi wa wanazuoni. Wengi wao hawatamdhuru mtu maisha yao yote. Kuwaweka wote kwenye orodha ni kuwapelekea waajiri wa Al-Shabaab wateja. Dalili yenye uzito ni siri mpya na marafiki wasioletwa nyumbani, na anayeziona ni mama, si askari wa kizuizi cha barabarani.

Na mama huyo akiona, amwambie nani? Aprili 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa watakaorejea kutoka Somalia wajisalimishe. Wapo waliorudi, na mashirika ya haki za binadamu ya Pwani yameandika visa vya waliorudi kisha wakauawa au kupotea. Habari kama hiyo ikishafika mtaani, hakuna nyumba kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama, wala baraza la chifu litakalomfungua mzazi mdomo.

Maafisa wa usalama hujibu kwamba anayerudi anaweza kuwa ametumwa. Hofu hiyo haikubuniwa: kambi ya jeshi ya Manda, Lamu, ilivamiwa alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu wakafa, na askari wetu wamezikwa wengi kwa mabomu ya barabarani ya msitu wa Boni. Basi achunguzwe, na ikibidi ashtakiwe. Ila awe na wakili, apelekwe mahakamani ndani ya muda unaotakiwa na katiba, na kuwe na mtu anayejulikana, kadhi au mzee wa mtaa, aliyeandikwa kuwa shahidi wa siku aliyojisalimisha. Mama wa Pate atapiga simu siku atakapojua mwanawe atapelekwa kituo gani na ataruhusiwa kumwona lini.