Acheni Kutufungia Madirisha ya Basi

Juzi nilimwomba kondakta anifungulie dirisha. Basi limejaa mpaka mlangoni, nyuma yangu mtu anakohoa mfululizo, na madirisha yote yamekazwa kwa skrubu. Akanijibu kwamba kiyoyozi kinafanya kazi, kisha akanionyesha chupa ya kitakasa mikono iliyoning'inizwa mlangoni. Hasira hazijaniisha.

Mikono na isafishwe, sina ugomvi. Lakini bakteria wa kifua kikuu hawangojei mtu ashike chuma. Wanaelea hewani, na anayeivuta hewa hiyo ndiye anayeambukizwa. Tangu miaka ya 1950 hili linajulikana: huko Baltimore, Marekani, hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ilipitishwa hadi kwa simbilisi waliofugwa juu ya wodi, nao wakaambukizwa bila mgonjwa yeyote kuwagusa.

Na hicho kiyoyozi? Kupoza hewa si kuibadilisha. Januari 2020, mkoani Zhejiang, China, mabasi mawili yalipeleka waumini kwenye ibada. Kwenda na kurudi ni kama dakika 100, viyoyozi vikizungusha hewa ileile ya ndani. Kwenye basi alimopanda mgonjwa mmoja wa UVIKO-19 walikuwamo watu 68. 24 wakakutwa na maambukizi, yeye akiwemo. Basi la pili, watu 60, hakuambukizwa hata mmoja. Wapo waliokaa viti vya mbali na mgonjwa na bado wakaugua, ilhali kati ya waliokaa kwenye madirisha yanayofunguka aliambukizwa mmoja tu. Dereva hakuambukizwa.

Haya, mvua ipo na vumbi lipo. Siku hizo kiyoyozi kivute hewa ya nje, kama kinaweza. Barakoa nayo inasaidia.

Kinachoniuma ni kuona mzigo wote anatwishwa abiria: vaa, nawa, kaa mbali, kama una homa usipande. Akae mbali wapi, na watu wamesimama bega kwa bega? Asipopanda atafikaje kazini, au hata hospitali? Mwenye basi anachotakiwa ni kulegeza skrubu tu. Gari likipelekwa kukaguliwa, mkaguzi anapima breki na taa. Ajaribu na madirisha, moja baada ya jingine, na basi ambalo halina njia ya kuingiza hewa ya nje linyimwe kibali cha kubeba watu.