Alikaa kimya, au alinyamazishwa?

Wapo wanaoshikilia kwamba kimya, kunyamaza na kupigwa na butwaa ni mamoja: mtu hajasema, basi. Wana hoja. Katika mazungumzo ya kila siku "nyamaza" na "kaa kimya" hupokezana nafasi bila msikilizaji kupotea. Hata hivyo, naamini sarufi yetu ilishayatenganisha mambo haya zamani, na tukiyachanganya tunapoteza kitu.

Kimya ni nomino isiyo na kitenzi chake. Twasema kukaa kimya, kuwa kimya, au kimya chenyewe kinatanda, jii. Hakina mwenyewe. Kunyamaza kuna mtu, tena mtu mwenye nia: angeweza kusema, akaacha. Kisha tazama kitenzi hiki kinavyonyumbulika. Kikiwa kunyamazia, lawama imeshaingia. Aliyenyamazia dhuluma ana fungu lake katika dhuluma hiyo. Kikiwa kunyamazisha, nia imehamia kwa mwingine kabisa. Herufi chache tu, na hatia imebadilisha mwenyewe! Butwaa nayo humpiga mtu, bumbuwazi humshika. Hapo hakuna aliyeamua kutosema. Tukio lenyewe limemwondolea maneno.

Sasa chukua habari isemayo "shahidi alikaa kimya". Mtetezi wa neno hili atasema ndilo la haki, kwa kuwa mwandishi haoni yaliyo moyoni mwa shahidi. Akiandika "alinyamaza" amempa nia. Akiandika "alinyamazia" ameshatoa hukumu. Nakubali, na hoja hii ndiyo inayonipa shida zaidi. Lakini ikiwa inajulikana kwamba shahidi alitishwa, "alikaa kimya" linamficha aliyetisha. Hapo nataka "alinyamazishwa", hata kama sentensi itawaudhi wakubwa.

Kuhusu ukimya, ambao wengine huuona wa ziada kwa sababu kimya tayari ni nomino, sina ugomvi nao. Unafaa kwa tabia ya mtu: ukimya wake, kama upole wake.

Neno linaloniuma ni bubu. Wanaolitetea husema ni neno la kale, halina tusi, linataja hali tu. Tena limezaa maneno mazuri: kibubu kinachotunza akiba, bandari bubu inayofanya kazi bila kutambuliwa rasmi. Sina neno na hayo. Tatizo linaanza tunapomwita hivyo kiziwi. Yeye ana lugha, iitwayo lugha ya alama Tanzania na lugha ya ishara Kenya, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua. Ana sarufi, ana utani, anabishana kwa mikono yake. Kumwita bubu ni kusema hana la kusema, ilhali sisi ndio tusiojua kusoma mikono hiyo.