Wanachama tunao, wa kufunga turubai hatuna

Ufunguo wa stoo ya chama chetu cha kufa na kuzikana ninao mimi. Cheo hicho hakimo kwenye orodha ya viongozi, hakina posho, na kikubwa nilichokipata humo ni kugongewa dirisha usiku wa manane. Stoo yenyewe ni chumba kimoja cha uani, hapa Temeke. Ndani mna maturubai mawili na nguzo zake, majamvi, masufuria makubwa, sururu, mabeleshi, na viti vya plastiki tulivyovipiga rangi nyekundu mgongoni ili visihamie nyumba za watu. Vinahama vivyo hivyo. Mpaka leo vitatu sivioni.

Mwezi uliopita tulifiwa, siku ya Jumanne. Taarifa iliingia kwenye grupu la WhatsApp saa kumi na moja alfajiri. Kufika saa mbili asubuhi pole zilikuwa zimeshapita sitini, kila moja na viganja vyake viwili vilivyounganishwa. Michango ikawa inamiminika kwa simu, mweka hazina anaorodhesha majina na kuweka tiki ya kijani. Kwa upande wa fedha, chama kina afya njema. Lakini turubai letu ni zito, linataka watu wanane wenye nguvu, na pale uwanjani tulisimama watano, wawili kati yetu wazee waliokuja na mikongojo yao. Tulimaliza kulifunga saa tano. Wafiwa jua lilishawapiga utosini muda mrefu.

Jumapili yake, kwenye kikao, mwenyekiti akasema dawa ni kuongeza wanachama. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima, lakini huku kwenye makala yangu sinyamazi. Tukiongeza wanachama hamsini tutapata tiki za kijani hamsini. Turubai litaendelea kufungwa na watano.

Wazee walioanzisha vyama hivi hawakuanzia kwenye fedha. Dar es Salaam ya enzi za ukoloni ilikuwa inapokea watu kutoka kila upande, na mtu wa bara akifia mjini bila ndugu, hofu kubwa ilikuwa azikwe kama mzigo uliookotwa. Wakajikusanya kwa makabila na kwa mitaa. Na kabla ya vyama kulikuwa na utani. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi alikuwa na kazi pale msibani, na Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo naye. Mtani anachimba, anabeba, anaiga sauti ya marehemu akidai deni la mwaka juzi mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Mwingine alishuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Tunazikumbuka zile mbwembwe, tunasahau kwamba mwenye mbwembwe ndiye aliyekuwa ameshika jembe. Utani haukuwa na ada wala kadi. Uanachama wako ulikuwa ni kufika kwako.

Sisi tuliuanza mchezo vizuri. Nilipoingia, mchango ulikuwa unapelekwa kwa mkono. Unafika kwa mweka hazina, anafungua daftari la kaunta, anakuandika, na wakati anaandika unaulizwa mama anaendeleaje, na unaambiwa kesho kuna kuchimba, njoo na beleshi. Kwenda kulipa kulikuwa ni kuonekana. Fedha kwa simu zilianza kuenea nchini kuanzia mwaka 2008 na sizilaumu, mimi mwenyewe nalipa hivyo, ila ile safari ya kwenda kwa mweka hazina ilikuwa inafanya kazi mbili na sisi tukabakisha moja.

Halafu tukaja na faini. Hili ndilo kosa letu kubwa, na nililipigia kura. Tuliona watu hawaji misibani, tukapitisha kwamba asiyefika bila udhuru atalipa shilingi elfu tano. Tulidhani tumewabana. Msiba uliofuata watu wakatuma mchango na faini kwa pamoja, asubuhi na mapema, kabla hata maiti haijatoka hospitali! Mmoja aliandika kabisa kwenye maelezo: "Mchango na kutofika." Wala hakuwa na ubaya. Tulikuwa tumempa bei ya kutokuja, akaiona nafuu kuliko nauli ya kutoka Chanika na siku ya kazi iliyopotea. Zamani asiyefika alikuwa na aibu, akikutana nawe njiani anaanza kujieleza kabla hujamuuliza. Akishalipa faini hana la kujieleza, risiti anayo.

Nisiwaonee watu. Jiji limetanuka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa huu, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38, na wengi wa wanachama wetu waliopanga Temeke walipopata viwanja walihamia Mbagala ndani, Chanika, Kigamboni, wengine wamevuka hadi Mkuranga. Kadi wameibakiza huku. Mtu wa namna hiyo ukimwita saa moja asubuhi akafunge turubai, unamwita kutoka mkoa mwingine. Nakubali. Lakini hao si wote, na nyumba ya tatu kutoka ule msiba wa Jumanne kulikuwa na mwanachama yuko barazani anachezea simu. Tiki yake ya kijani nimeiona.

Wapo wanaosema yaishe, tukodi kila kitu. Watu wa maturubai wapo, watu wa kupika wapo, hata wa kuchimba makaburi wapo, unapiga simu tu. Mwenye uwezo akodi, sina ugomvi naye. Ila chama kikishakuwa cha kukusanya fedha na kumlipa mkodishaji, sioni kwa nini kiitwe cha kuzikana. Kiitwe bima, tuende kwa watu wa bima ambao mahesabu wanayajua kuliko sisi.

Ugonjwa huu hauko kwetu peke yetu. Ukitaja loji, yaani mahali wanapokutana wanachama wa vyama vya udugu, hapa mjini watu wanakumbuka yale matangazo ya "jiunge na Freemason upate utajiri" yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme na matapeli, na wanaingiwa na baridi. Hata marehemu Sir Andy Chande, aliyewaongoza Freemason wa Afrika Mashariki na kujitokeza hadharani kueleza mambo yao, hakufaulu kuwatoa watu wasiwasi huo. Lakini ukiacha hao, Marekani na Uingereza kulijaa udugu wa namna nyingi ambao shughuli yake ingeeleweka vizuri sana Temeke. Wale wanaoitwa Odd Fellows, kwa mfano, wameamriwa na chama chao wawatembelee wagonjwa, wawasaidie wenye dhiki, wazike wafu na wasomeshe yatima. Elks nao walianzia msibani. Walikuwa waigizaji wa New York waliozoea kukutana kunywa na kufurahi, mwenzao mmoja akafariki karibu na Krismasi ya 1867 akaacha mke na watoto bila kitu, na Februari 1868 wakaamua kufanya chama cha kweli. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Leo hawafiki milioni moja, wakati Wamarekani wenyewe wameongezeka. Nchi yenye fedha zote zile, na loji zinafungwa. Kwa hiyo wanaotuambia tatizo letu ni umaskini watafute sababu nyingine.

Upande wetu mmoja wa chama haujafa, na ni upande wa akina mama. Ule msiba wa Jumanne, sisi tukiwa tunahangaika na nguzo, jikoni walikuwa zaidi ya ishirini, masufuria yameshatelekwa, mchele umeshachaguliwa. Hakuna aliyetozwa faini. Nilimuuliza mama anayewaongoza wanafanyaje, akanicheka, akasema, "Baba, nyinyi mnaonana watu wakifa tu." Alikuwa amemaliza. Wao wana upatu wao Ijumaa, wana kikoba, wanashonesha sare za harusi pamoja, wanatunzana kwenye kitchen party na kwenye ngoma. Msiba ukitokea unawakuta wameshajuana, wanajua nani anapika wali usioungua na nani asisogezwe karibu na chumvi. Si jambo la jana. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu wanawake walikuwa tayari wamo humo, wana viongozi wao na wanaitana wakaitikiana. Sisi wanaume tulikuwa na bao na kahawa barazani. Sasa hata bao limekuwa la wazee wanne.

Nije kwa lililonifanya niandike.

Kuna kijana wa bodaboda, kijiwe chake kiko pale kwenye kona. Kwa miaka mingi msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kufika kwangu. Hasemi mengi. Ananiambia, "Shikamoo mzee, leta ufunguo," anabeba nguzo, anakwenda makaburini, anashuka shimoni, anatoka na udongo mpaka kwenye kope, anarudi kijiweni kutafuta hesabu ya bosi. Ada yake alikuwa anachelewesha. Miezi minne, mitano. Bodaboda si ya kwake na mvua ikinyesha hapati kitu.

Mwaka jana mama yake akafariki.

Kamati ikakaa. Sasa, tulipoanza kukopeshana vijisenti tuliambiwa tujisajili halmashauri, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, na usajili unataka katiba. Katibu akaenda kwa mtu wa stesheneri, akarudi na katiba ya kikundi kingine iliyobadilishwa jina. Humo ndani kuna kifungu kinachosema huduma itatolewa kwa "mwanachama hai", na kwamba mwanachama hai ni yule asiyedaiwa ada zaidi ya miezi mitatu. Kikao kikakaa saa nzima juu ya kifungu hicho. Kijana aliyechimba makaburi yetu hakuwa hai. Yule wa barazani mwenye simu alikuwa hai. Watu wazima tukakaa tunajadili kama tumpe turubai aliloliinua yeye kwa mabega yake mara zisizo na idadi.

Niliaga kwamba natoka kujisaidia, nikaenda nikafungua stoo. Vijana wenzake wa kijiweni walikuwa wanasubiri nje na pikipiki zao, zaidi ya kumi, hakuna hata mmoja mwenye kadi ya chama. Walilifunga turubai kwa muda ambao sijawahi kuuona. Kamati ilipomaliza kikao ilikuta watu wamekaa kivulini. Mimi nilitozwa faini ya elfu ishirini kwa kutumia mali ya chama bila idhini. Nililipa kwa simu, na kwenye maelezo nikaandika "turubai."

Tangu siku hiyo kijana huyo haji tena kuchukua ufunguo, na simlaumu. Anapita, anapiga honi, ananisalimu. Msiba wa Jumanne alikuwa pale kijiweni anatuangalia tukihangaika, watano na mikongojo miwili.

Nimepeleka hoja kwenye mkutano mkuu na nitaisema hapa ili nisije nikaambiwa sikuisema. Ninataka kile kifungu kibadilishwe. Mtu akifunga turubai, akichimba, akilala msibani kulinda vyombo, aandikwe kwenye daftari, na siku yake ihesabiwe kama ada. Daftari lile la kaunta, la mkono, lirudi, liwe linashikwa msibani. Faini ya elfu tano ifutwe kabisa. Anayekaa mbali apewe kazi anayoiweza akiwa mbali, kama kufuatilia kibali cha mazishi, kutafuta gari au kumpokea mgeni stendi Magufuli. Na vijana waingie kwenye kamati, wasiwe wa kuitwa wakati wa kubeba na kusahauliwa wakati wa kuamua. Kikao chetu kinaanza saa tisa kwa mwaliko, saa kumi na nusu kwa ukweli, na dakika arobaini za kwanza ni kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Kijana gani atakaa hapo? Hata mimi nasinzia.

Mweka hazina ameniambia hoja yangu itaua mfuko, kwa sababu kila mtu atajifanya mchimbaji ili asilipe. Nimemjibu kwamba wakitokea wachimbaji wengi hivyo, nitakuja mwenyewe kuomba radhi. Tumecheka, lakini hajakubali.

Mkutano ni Jumapili ijayo. Nimekwenda kijiweni jana jioni nikamwomba yule kijana aje, si kama mwanachama, aje tu akae nyuma. Amesema ataangalia hesabu ya bosi inavyokwenda. Nimemwachia ufunguo wa akiba. Kauangalia, kautia mfukoni, hakusema kitu.

Na ile familia iliyobaki na viti vyetu vitatu vyenye rangi nyekundu mgongoni, stoo iko wazi mpaka saa mbili usiku.